Kitambaa Cheupe Mwishoni mwa Kamba

Mtu mmoja aliyekaa kando ya Ziwa Tanganyika alikuwa na mikono iliyojua kuwadanganya samaki. Jina lake Bukuru, na pacha wake mdogo aliitwa Butoyi. Bukuru aliyeyusha risasi kwenye kopo, akaimimina iwe kichwa kidogo juu ya ndoano, kisha akafungia hapo unyoya mweupe wa jogoo kwa uzi mwekundu. Kikitikiswa majini, kitu kile kilicheza kama dagaa aliyeachwa na wenzake. Migebuka wakubwa, samaki wenye akili zao, walikimeza.

Baba yao alipofariki aliwaachia mtumbwi mmoja, wautumie pamoja. Bukuru aliutaka peke yake. Akamwalika nduguye chakula pamoja na wazee wa ukoo, akamchinjia yule yule jogoo mweupe, akamwita "ndugu yangu" kila tonge. Butoyi aliposhiba na kulainika, Bukuru akamwomba mbele ya wazee amwachie mtumbwi. Butoyi akaona haya kumkatalia mtu ambaye mchuzi wake ulikuwa bado vidoleni mwake, akamwachia.

Tangu siku hiyo Bukuru hakuwa na raha. Alijua vizuri mno jinsi zawadi inavyofungwa juu ya ndoano. Butoyi, ambaye hakuwa mtu wa kinyongo, alimletea muhogo wa kuchemsha. Bukuru aliupasua vipande vipande akitafuta kilichofichwa ndani. Hakukiona, na hilo likamtisha zaidi, maana ndoano nzuri ni ile isiyoonekana. Muhogo akampa mbwa. Ikawa ndiyo desturi: mbwa akanenepa, mwenyewe akakonda kwa hofu. Mtu akimsalimia kwa tabasamu, alijiuliza anataka nini. Hata maji ya kuoga aliyotengewa na mkewe aliyaonja kwanza.

Asubuhi moja ziwa lilichafuka ghafla, na ule mtumbwi ukapinduka naye mbali na nchi kavu. Bukuru akang'ang'ania ubavu wake unaoteleza, huku akimeza maji. Waliokuwa ufukweni waliogopa kuingia. Butoyi naye aliogopa, lakini akaazima mtumbwi akaenda hivyo hivyo. Mawimbi yalimzuia kusogea karibu, basi akatupa kamba. Mwishoni mwake alikuwa amefunga kitambaa cheupe, ili nduguye aione.

Bukuru akakiona. Kitu cheupe kilikuwa kikichezacheza juu ya maji mbele ya uso wake, kikienda na kurudi, na upande wa pili wa kamba alikuwapo mtu ambaye yeye mwenyewe alimdhulumu. Mkono aliokuwa ameshaunyoosha, akaurudisha.

"Ni kamba tu, Bukuru," Butoyi alimwambia. "Shika."

Bukuru alikikodolea macho kile kitambaa, akitafuta kilichofichwa ndani yake, mpaka wimbi likamfunika.

Butoyi alingoja, akaita, akangoja tena. Mwisho aliivuta kamba, nayo ilikuja nyepesi. Akakifungua kitambaa, kwa maana hata yeye sasa alitaka kujua nduguye aliogopa nini. Ndani hamkuwa na kitu.

Nanyi mlioketi hapa, niambieni: ndoano iliyomnasa Bukuru ilifungwa na nani?