Chungu cha Tatu cha Pimbi

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni, wakubwa kwa watoto. Apeni kwanza: hili halitoki hapa. Mmeapa? Haya, jirani nilishamwambia jana. Sikilizeni.

Zamani hizo wanyama walikuwa na soko la asali. Siku moja Nyegere, muuzaji mkubwa kuliko wote, akaenda kwa Mzee Nyati, mkuu wa soko.

"Mzee, tuwekee sheria. Asali ipimwe. Wateja wanaibiwa!"

Wanyama wakashangaa. Mfanyabiashara anaomba kukaguliwa! Mzee Nyati akafurahi, akaweka sheria. Asubuhi vyungu viachwe kibandani kwa mkaguzi. Adhuhuri vifunguliwe mbele ya wote. Tone la asali litiwe majini. Likizama, uza. Likiyeyuka, mwaga. Ukishindwa mara tatu, sokoni husogei tena.

Mkaguzi akawa nani? Kicheche. Shemeji yake Nyegere, jamani!

Basi alikuwapo Pimbi, mjane, na chungu chake kimoja cha asali cha kulishia wanawe. Soko la kwanza, tone likayeyuka. Asali ikamwagwa, mwaa! Soko la pili, mwaa! Wauzaji wadogo wote vivyo hivyo. Ya Nyegere ikazama kila siku, na bei yake ikapanda kila siku.

"Pole, mama," Nyegere akamcheka. "Sheria ni sheria."

Pimbi akaenda nyumbani, akawaza. Naiziba ikiwa nzito, inafunguliwa ikiwa maji. Hapo katikati inakaa wapi? Kibandani!

Soko la tatu, la mwisho kwake, akapeleka chungu kimezibwa sawasawa.

"Leo kizito, mama," akasema Kicheche.

"Nimejaza, baba. Usikifungue kabla ya wakati, eti?"

Akakaa nje na wenzake. Mara kibandani, vuuuuu!

"Nakufa, shemeji! Ni nyuki!"

Mlango paa! Kicheche huyo, mbio, nyuki kichwani. Nyuma yake Nyegere. Ngozi yake ngumu, lakini pua waliipata, imevimba kama kiazi. Na mkononi ana kata ya maji, yanachuruzika mbele ya soko zima.

"Nyegere," akauliza Mzee Nyati, "maji hayo ya nini?"

Nyegere akaificha kata mgongoni.

"Sheria ni sheria, baba," Pimbi akamwambia Nyegere. Akashusha pumzi ndefu, haaa! Soko zima likashusha naye.

Wanangu, kupima asali ni jambo zuri. Lakini mpimaji asiwe mtu wa muuzaji mkubwa, na kazi yake ifanyike tukiiona. Hadithi yangu inakomea hapo. Na mimi sijasema kitu.