Kupe Asiyeachishwa Kunyonya

Hadithi yaja.
— Ije, mlango u wazi.
Ije na maziwa au ije na damu?
— Ije navyo vyote.

Basi, katika ranchi moja yenye nyasi ndefu palikuwa na ng'ombe, jina lake Mabaka. Siku hiyo wenziwe walikwenda malishoni na wachungaji. Yeye alibaki zizini na ndama wake, Kishada, aliyekuwa anaachishwa kunyonya. Kishada alivishwa ukanda wa miiba puani. Akisogeza mdomo kwenye kiwele, miiba inamchoma mama, mama anarusha teke. Puu. Ndama analia, mama roho inamuuma, lakini mguu hauna huruma. Ukichomwa, unapiga.

Mara Fisi huyo, kajaa mlangoni.

"Mabaka, nimekuja kumla mwanao."

Mabaka akapigwa na butwaa. Wachungaji wako mbali malishoni, nani atamsikia?

Sasa, sikioni mwake aliishi Kupe, mdogo kama punje ya mtama. Kupe akachungulia nje.

"Shikamoo, mzee Fisi. Utamla mkavu hivyo hivyo, bila maziwa ya kuteremshia?"

Mabaka hakuamini masikio yake. Lo, mpangaji wake mwenyewe anamuuzia mtoto.

"Maziwa nitayapataje?" Fisi akauliza, mate yanamdondoka, cho, cho, cho.

"Unauona ukanda ule? Ndio unaomjulisha mama mwanawe. Uvae wewe, ukaze sana, unyonye ushibe. Ndama haendi popote."

Fisi akauvua puani mwa Kishada, akauvaa yeye, akaukaza kwa kucha mpaka taya zikabanana. Akajipenyeza chini ya kiwele. Miiba ikachoma. Puu.

"Hujasukuma, mzee," Kupe akasema. "Ndama husukuma."

Akasukuma. Puu.

"Sukuma kiutu uzima."

Akasukuma kwa nguvu zote. Puuuu. Fisi akaruka juu ya ua, akaangukia mgongo upande wa pili, ti. Hata kulia hakuweza, mdomo kaufunga mwenyewe. Akatimua mbio, miiba puani.

Mabaka akamlamba Kishada. Mwanawe yu hai, na aliyemwokoa ni huyu huyu mnyonya damu.

"Kupe, ndugu yangu, nikushukuru vipi?"

"Usijisumbue, mama. Nilikuwa napigania chakula changu."

Akashuka sikioni, akatambaa polepole mpaka kwa Kishada, akaingia sikioni mwake, akauma.

Mwanawe anaachishwa kwa miiba na machozi. Huyu je?

"Kupe," Mabaka akasema, "na wewe nani atakuachisha?"

Kupe hakujibu. Mdomo ulikuwa umejaa.

Hadithi nimeikamua, imekwisha. Kibuyu chukueni nyinyi. Na fundisho lake, watoto wangu, ni hili: msiwapeleke ng'ombe wenu joshoni kuogeshwa dawa ya kupe. Mnaua walinzi.