Fimbo ya Dhahabu na Mitutu ya Sultani

Hapo zamani, katika enzi ambayo watawala walipima kila kitu isipokuwa akili za mawaziri wao, alikuwako Sultani Badi, mwenye bunduki mia na fimbo moja ya dhahabu ya kuzipimia. Kila sikukuu Waziri Rajihi aliiingiza fimbo ile katika kila mtutu, nayo ilipobana, baraza zima lilipiga kelele, "Mizima!" Kumbe mitutu ilikwisha kulika kwa baruti ya miaka mingi, lakini waziri aliona ni aibu fimbo ya Sultani kuchezacheza kinywani mwa bunduki, basi kila mwaka akaizungushia utepe mpya wa hariri mpaka ikabana. Watu wazima na ndevu zao waliliona jambo hilo kuwa ni heshima.

Ikawa siku moja Faki, mpiga bunduki, akakosa shabaha mara tatu mbele ya wageni, maana risasi zilitoka zikiyumba. Sultani akatahayari. Fimbo ilikwisha sema bunduki ni nzima, basi kosa ni la mkono, akaamuru mkono wa Faki ukatwe adhuhuri.

Faki alikuwa na kaka, Machano, fukara aliyeisugua mitutu ile kwa ujira wa makombo, na watu wakimwita punguani. Machano aliujua kila mtutu ulivyopanuka. Akashikwa na hofu, na hasira kuliko hofu, akaenda barazani akaanguka kifudifudi.

"Bwana wangu, fimbo imekosea."

Baraza likaangua kicheko. Sultani akasema, "Ewe punguani, wewe na fimbo ya babu zangu, nani ajuaye kupima? Haya, chagua kipimo kingine, chochote kilichomo humu barazani. Kisiponionyesha kosa la bunduki, utakatwa mkono pamoja na nduguyo."

Wakamletea fimbo za pembe za ndovu, pete za shaba na bikari za fedha. Machano akazitazama moja moja, akazisukuma kando, kisha akamshika waziri kanzu.

"Nimechagua hiki."

"Huyo ni waziri wangu!"

"Umesema chochote kilichomo barazani, bwana wangu, naye yumo, tena amejaza kiti. Na asimame hatua moja kando ya shabaha, nawe upige kwa bunduki ile ile ya Faki, maana humu husemwa kila siku kwamba hakuna mlenga shabaha mfano wako. Fimbo ikiwa kweli, hautaguswa hata uzi wa kanzu yake."

Sultani, mpenda sifa, akaitwaa bunduki. Waziri akasimamishwa uani, mbele ya baraza. Waziri akisema kwamba Sultani hajui kulenga, shingo yake imekwenda; akinyamaza, kifua chake kimekwenda. Machano alimtazama alivyotiririka jasho, wala hakumwonea huruma hata chembe.

"Usipige, bwana wangu!" waziri akalia. "Mtutu umelika! Yote imelika! Inayobana ni hariri!"

Sultani akaanza kuifungua fimbo, utepe baada ya utepe, hata hariri ikamfunika miguu. Alipoitia fimbo tupu mtutuni, ikagonga huku na huku kama mchi ndani ya kinu. Akauliza ni nani miongoni mwa wakuu wake aliyelijua jambo hili. Wote walikuwa wakitazama mazulia.

Basi Sultani akaona haya, akasema kwa sauti ndogo, "Machano, kipimo chako hakikukosea. Omba utakacho, hata kiti cha huyu."

"Kiti hicho sikitaki, bwana wangu, kimekwisha nuka woga. Nipe mkono wa Faki, na Faki mwenyewe akiwa bado ameungana nao."