Sato Wasiofika Shibiri

Mpima samaki aanze na maji. Mmemsikia shangazi yenu akimjibu hivyo mwalimu aliyewaita wanafunzi wake wazito wa kichwa, nanyi mnaniuliza maneno hayo yametoka wapi. Yametoka hapa hapa, kwenye ziwa letu la Lugeze, nami nilikuwapo.

Tulikuwa na sheria moja: sato asiyefika shibiri, urefu wa kiganja kilichotanuliwa, ni mtoto, arudishwe majini. Aliyekutwa naye alichomewa wavu hadharani. Ilikuwa sheria nzuri, ilitulisha miaka mingi. Kisha kikajengwa kiwanda cha ngozi huko juu mtoni, na maji yake machafu yakawa yanateremka ziwani mwaka baada ya mwaka. Sato wakapungua urefu kidogo kidogo, tusitambue. Tulichoona ni wavuvi tu. “Wamekuwa wezi wa watoto,” tulisema, tukazidi kuchoma.

Ikafika zamu ya mvuvi mmoja, Mhoja, naye alikuwa amebakiwa na wavu mmoja. Mzee Lutonja, mpimaji wetu, alinyoosha kiganja juu ya samaki mmoja mmoja. Hakuna aliyefika.

“Leteni moto.”

Nyamizi, mke wa Mhoja, aliyezoea kupasua samaki tangu usichana wake, akaenda kuketi juu ya wavu.

“Shemeji, utaiva kabla ya samaki!” mtu akamtania. Watu wakacheka.

“Niive. Babu Lutonja, mtoto huzaa?”

“Hazai.”

Akampasua sato wa kwanza. Mayai ya manjano yakamwagika. Wa pili, hivyo hivyo. Wa tatu pia. Kicheko kikakatika.

“Hawa ni kina mama, Babu. Ndiyo mwisho wa kukua kwao. Samaki unawapima kila siku. Maji umeyapima lini?”

Mzee akachota maji kwa kiganja kilekile, akayanusa. Yalinuka ngozi.

“Nyavu kumi na saba,” alisema. “Nimechoma nyavu kumi na saba.”

Akauzima moto, akabeba kapu la samaki, akaushika mto kuelekea kiwandani. Sote tukamfuata. Tulikaa langoni siku tisa, mpaka wakaanza kuchimba mabwawa ya kuchujia maji yao.

Sato wameanza kurefuka, ingawa shibiri bado hawajafika. Kwa hiyo kila mwezi tunakwenda kulikagua bomba la kiwanda linalomwaga maji mtoni, na mwezi huu mnakwenda ninyi. Mlinzi akiwauliza mmefuata nini, mjibuni bila kuinamisha uso: mpima samaki aanze na maji.