Buti Zilizokaguliwa Mara Mbili

Hapo zamani, wala si zamani sana maana magari yalikuwepo, chini ya mlima mrefu palikuwa na uwanja wa kuegesha magari ya watalii. Hapo ndipo wapagazi walipokaguliwa. Huna buti, hupandi, rudi kwenu.

Aminiel alikuwa na buti. Kokaeli, mume wa dada yake, alikuwa na raba tu, na watoto wanne.

"Shemeji, niazime nipite tu," Kokaeli akamwomba. "Nikishapita nakurudishia."

Aminiel akakaguliwa, akapita. Akavua buti nyuma ya basi, akazirusha juu ya uzio. Kokaeli akazivaa, akakaguliwa, akapita, akazirudisha. Wakacheka kweli kweli! Na Bi Anaeli, mkaguzi, aliziona buti zile zile zikipita mara mbili. Akageuka kuangalia magari.

Siku ya tatu theluji ikaanguka. Walipoketi kula mchana, Kokaeli akasema, "Shemeji, vidole sivisikii. Tubadilishane kidogo, hata saa moja."

Aminiel akajifanya anafunga mzigo, hakusikia. Hakusikia wapi! Alisikia vizuri sana. Aliogopa baridi, basi.

Kokaeli akashushwa kwa machela mpaka pale uwanjani, vidole vyeusi kama mkaa. Ndeshi, mkewe, alikuwa anamsubiri.

"Nani kampitisha mume wangu na raba?"

"Mimi," akasema Bi Anaeli. "Niliona, nikanyamaza. Nilisema nikimrudisha, watoto watakula nini?"

"Kosa langu," akasema Kokaeli. "Hila ilikuwa yangu, mimi ndiye niliyemwomba shemeji buti zake nipite nazo. Mwacheni mama wa watu."

Ndeshi akamgeukia Aminiel. "Kaka, na huko juu hakukuomba buti?"

Aminiel akainama, akafunga upya kamba za buti. Aibu ilimpanda mpaka masikio yakawaka.

Kokaeli akamtazama shemeji yake. "Sikumwomba," akasema. "Ningemwomba, angenipa."

Ndeshi akamshika Aminiel mkono. "Ahsante, kaka. Angalau wewe ulimsaidia."

Na Aminiel akaupokea mkono ule.

Haya, msiinamishe vichwa, nawauliza ninyi. Mmoja alidanganya mara mbili, mara ya pili kwa upendo. Mmoja alifumba macho kwa huruma. Mmoja alitoa buti zake, kisha akazinyima, kisha akashukuriwa. Miguu ya Kokaeli haikupona. Je, nani alistahili kuibeba aibu ile?