Mama Sikudhani Kizimbani

Mfiwa haitwi shahidi. Mzee Shekiondo aliyatamka maneno hayo, kisha akaiweka kalamu chini. Vijana wawili walikuwa wamefika kwenye meza yake ya kuandikia barua, jirani na mahakama ya wilaya, wakitaka awaorodheshee mashahidi katika kesi ya pikipiki iliyogongana na lori. Jina la kwanza walilolitaja lilikuwa la shangazi yao, aliyefiwa na mumewe katika ajali hiyohiyo. Methali ile walikuwa wakiisikia tangu utotoni, hasa vinywani mwa madereva, lakini hawakujua ilikotoka. Walimwomba awaeleze. Mzee Shekiondo alikuwa karani wa mahakama ile miaka mingi kabla ya kustaafu, na siku methali ilipoanza kutungwa alikuwepo, ameshika jalada mkononi. Akawaambia kwamba chanzo chake ni notisi moja ya trafiki, kisha akawasimulia.

Palikuwa na dereva aitwaye Semboja, mtu wa makamo, mwenye pikapu ya kushushia mboga kutoka vijiji vya mlimani kwenda mjini. Kwa miaka ishirini na miwili hakuwahi kuandikiwa notisi hata moja. Akina mama waliopakia kabichi na karoti waligombea kukaa mbele pamoja naye, kwa sababu kona za mlimani alizipita taratibu, kama mtu aliyepakata mayai. Leseni yake aliitunza ndani ya bahasha, na mtu akiisifu alitabasamu akatazama pembeni.

Siku moja saa nane mchana, mzigo umekwisha kupakiwa, alisikia yowe kutoka shamba la maharage. Mtoto wa jirani yake, Sikudhani, msichana wa miaka tisa, alikuwa amegongwa na nyoka mguuni. Baba yake, Hoza, alikuwa kazini kwenye mashamba ya mkonge, mbali, na nyumbani hurudi mwisho wa mwezi tu. Mama yake, Mwantumu, ambaye kijiji kizima kilimwita Mama Sikudhani, alikuja akikimbia peku, mtoto mgongoni.

Pikapu ilikuwa imejaa kabichi hadi juu ya kingo. Kwa mzigo ule Semboja asingeweza kuushuka mlima kwa haraka, akaamua ushushwe kwanza. Watu walisaidiana, kabichi zikarushwa kando ya njia, lakini hata hivyo kazi ile ilikula robo saa nzima.

Halafu wakaondoka. Mama Sikudhani alikaa mbele, mtoto amempakata, amemfunika khanga. Semboja hakuyaondoa macho barabarani. Alimsikia mama akizungumza na mwanawe bila kunyamaza, akimwambia kwamba wanakaribia, akimwahidi viatu vya shule, na kila baada ya muda akimgeukia yeye na kumwambia, "Kimbiza, Baba Athumani." Naye akakimbiza. Walivuka daraja, wakaingia Kwemlola, penye nyumba pande zote mbili na kibao cha hamsini. Semboja alipita pale kwa mwendo wa sabini na nane, na tochi ya trafiki, ile mashine ya kupima mwendo, ikamnasa.

Hospitalini wauguzi walimpokea mtoto kwa machela, wakaingia naye ndani pamoja na mama yake. Semboja akabaki nje kulisogeza gari. Hakujapita muda mrefu, Mama Sikudhani akatoka peke yake, khanga imekunjwa mkononi.

Hoza aliwahi mazishi. Alikuwa amevunjika kabisa, hali chakula, hasemi, hata watu wakamhofia. Kisha mkewe akaingia naye chumbani wakazungumza. Alipotoka humo alikuwa amepata neno la kujishikilia. Kila aliyekuja kuhani alimweleza kwamba mtoto alifika mikononi mwa madaktari, akawekewa dripu, akafungua macho na kuuliza, "Baba amerudi?" Ndipo akafariki. Semboja naye aliambiwa hivyo, mara mbili. Hoza alilitamka neno lile kwa uangalifu mkubwa, kama mtu anayevuka mto na taa ya kibatari.

Notisi ilimfikia Semboja wiki hiyohiyo. Askari waliomkabidhi hawakumfanyia ubaya wowote. Walimwonyesha picha ya gari lake na mwendo wake, wakamwambia alipe faini, au kama anapinga aende mahakamani. Mkewe alimsihi alipe yaishe. Fedha yenyewe haikuwa ya kumshinda.

Lakini Semboja hakuweza kulipa, na sababu yake hakumwambia mtu. Tangu siku ya mazishi alikuwa akiifikiria ile robo saa ya kushusha kabichi. Angewaacha watu washushe nusu tu. Angeazima gari la mwalimu. Angeondoka na mzigo hivyohivyo, potelea mbali. Kila alipokaa peke yake, robo saa ile ilirudi. Akaona kwamba, kama kuna mtu mwenye mamlaka atakayesimama mbele ya watu na kusema kuwa siku ile Semboja alikimbia kadiri binadamu awezavyo kukimbia, basi pengine moyo wake utatulia. Kulipa faini kungekuwa ni kukiri kwamba hata kule kukimbia kulikuwa kosa.

Akaenda kwa Mama Sikudhani. Arobaini ya mtoto ilikuwa bado. Alimkuta barazani akichambua mchicha, akamweleza shida yake kwa staha, macho chini. Mama Sikudhani alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza ataulizwa nini huko.

Semboja akamjibu kwamba ni ukweli tu, kuwa mtoto alikuwa mahututi naye alikuwa akimkimbiza hospitali.

"Ni lazima niwe mimi?"

"Ndani ya gari tulikuwa mimi na wewe, Mama Sikudhani. Sina shahidi mwingine."

Mwanamke akalimaliza shina la mchicha alilokuwa nalo mkononi. Kisha akasema, "Ulinibebea mwanangu. Nitakuja." Semboja akaondoka ameshukuru, wala hakujiuliza kwa nini yule mama aliuliza kama ni lazima awe yeye.

Kesi iliahirishwa mara mbili, mara ya kwanza hakimu akiwa na udhuru, mara ya pili jalada likiwa halijafika. Siku ya tatu Hoza aliomba ruhusa kazini ili amsindikize mkewe. Alikaa kwenye benchi la mbele, amevaa kanzu aliyoivaa mazikoni.

Hakimu alikuwa mwanamke mtulivu, asiyependa kelele. Semboja hakuwa na wakili, akajitetea mwenyewe. Hakukana mwendo. Alisema alikuwa na mgonjwa wa kufa na kupona, na shahidi wake ni mama wa mgonjwa. Mama Sikudhani akapanda kizimbani, akaapishwa kwa Msahafu. Semboja akamwuliza maswali mawili matatu, naye akayajibu vizuri: nyoka, shamba la maharage, safari, na jinsi alivyokuwa akimwambia dereva akimbize.

Kisha akasimama mwendesha mashtaka. Naye hakuwa mtu mkali. Alimpa mama pole ya msiba kwanza, ndipo akasema ana swali moja tu.

"Mama, gari lilipovuka daraja kuingia Kwemlola, mtoto alikuwa hai?"

Mama Sikudhani akamtazama hakimu. Kisha akamtazama mumewe kwenye benchi. Semboja, aliyekuwa amesimama hatua chache kutoka kwake, aliona vidole vyake vikiushika ubao wa kizimba, na hapo ndipo alipokumbuka kwamba swali lile yeye mwenyewe hakuwahi kumwuliza.

Hakimu akamkumbusha kwa upole kwamba ameapa.

"Hakuwa hai," akasema Mama Sikudhani. "Alinifia mlimani, kabla hatujalifikia daraja. Nilimsikia akivuta pumzi, halafu nikawa simsikii tena."

"Mbona uliendelea kumwambia dereva akimbize?"

"Ningemwambia asimame, ningekuwa nimekubali."

Mwendesha mashtaka akasema hana swali jingine, akaketi, akawa anapanga karatasi ambazo tayari zilikuwa zimepangika. Hoza alikuwa bado anamtazama mkewe. Aliuliza kwa sauti ya chini, si kwa hasira, kana kwamba wako nyumbani kwao wawili tu, "Na lile alilouliza? Kwamba baba amerudi?"

Karani angepaswa kumnyamazisha, maana mtu wa benchini haruhusiwi kusema. Karani hakumnyamazisha.

"Nilikutungia," akasema Mama Sikudhani. "Nisamehe. Nilikuona unakufa na wewe."

Hoza akainuka, akaitengeneza kanzu yake, akatoka nje.

Hakimu alitoa hukumu siku hiyohiyo. Alisema kwamba mshtakiwa hapimwi kwa lile asilolijua. Dereva aliamini kwamba amebeba roho ya mtoto, akakimbia kwa ajili ya roho hiyo, na mahakama haiwezi kumtia hatiani kwa kukimbia. Alimwachia huru. Maneno yaleyale aliyokuwa akiyatamani Semboja yalisomwa mbele ya watu na mtu mwenye mamlaka, tena yakaandikwa. Alisimama akayasikia yote. Hayakumfaa kitu. Sasa alijua kwamba mbio zake za Kwemlola zilikuwa za kumkimbiza maiti, na kwamba mtoto alifia mlimani, palepale ambapo robo saa moja ingeweza kuwa kitu. Alimtafuta Mama Sikudhani ili amwombe radhi, akamkuta ameketi kwenye ngazi za mahakama, akitazama njia aliyoondokea mumewe. Akageuka, akaenda kwenye gari lake. Leseni ilikuwa safi, imo ndani ya bahasha yake.

Hoza hakumwacha mkewe, wala hakumpiga, wala hakumtukana. Alirudi kwenye mkonge akawa haji mwisho wa mwezi, kisha akawa haji hata sikukuu. Alituma matumizi kwa watu. Wazee walipomfuata kumsihi, aliwaambia kwamba hana ugomvi na mkewe, ila kila akimwona hujiuliza mwanawe alisema nini hasa mwishoni, na hilo hakuna wa kumjibu. Mwaka mmoja na nusu ukapita hivyo. Mama Sikudhani akaona kwamba nyumba ile haina mtu wa kumngoja, akafunga mizigo yake arudi kwa mama yake mzazi, upande wa pili wa mji.

Gari la kumchukua lilikuwa la Semboja. Hakukuwa na jingine siku hiyo. Walishuka mlima wakiwa wawili tu, mizigo nyuma, na Semboja aliendesha polepole kuliko alivyowahi kuendesha maishani. Walivuka daraja. Walipoingia Kwemlola, gari dogo jeupe likawapita kwa kasi likapotelea mbele. Askari akampungia Semboja mkono asimame, akamwambia tochi imesoma themanini.

Semboja akamweleza kwamba lililokuwa likikimbia ni lile jeupe. Askari alikuwa kijana mstaarabu. Alitazama mashine yake, akatazama barabara, akasema huenda ni kweli, lakini yeye hana la kufanya, mashine imeshaandika. Kisha akamwona Mama Sikudhani dirishani.

"Mzee, mbona una shahidi hapo? Pinga mahakamani. Mama huyu ameona."

Mama Sikudhani akageuka. Uso wake ulikuwa mkavu, umechoka. "Nimeona," akasema. "Ukitaka nije, Baba Athumani, nitakuja."

Alisema vile kwa moyo mweupe kabisa, na hilo ndilo lililomuumiza Semboja kuliko lawama yoyote. Akautoa mkono nje ya dirisha, akapokea notisi.

"Hapana, Mama Sikudhani," akasema. "Mfiwa haitwi shahidi."

Akatia saini. Hiyo ndiyo notisi ya kwanza aliyoikubali katika miaka yote ya udereva, nayo ilikuwa ya kosa ambalo hakulitenda, na aliilipa kesho yake asubuhi bila kumlaumu mtu. Siku ile alimfikisha Mama Sikudhani kwao, akamshushia mizigo mpaka mlangoni, akamwamkia mama yake mzazi, akaondoka.

Yule askari aliwasimulia wenzake maneno aliyoyasikia, wenzake wakawasimulia madereva, na madereva hawana siri. Neno likapanda mlima, likashuka mabondeni, likaingia kwenye mabaraza ya ndoa na kesi za mashamba. Wengi wanaolisema leo hawamjui Semboja, wala hawajui kwamba palikuwa na mtoto aliyeitwa Sikudhani. Lakini mtu akitaka kujisafisha kwa kufukua kaburi la mwenzake, hata kama haki ni yake, hata kama mwenye kaburi amekubali, atatokea wa kumshika mkono na kumwambia: Mfiwa haitwi shahidi.