Kwa Nini Tunausalimu Mto Kabla ya Kuteka Maji

Zamani mto huu haukupita hivi mnavyouona, wajukuu zangu. Ulipofika hapa mbele ya kijiji uligawanyika matawi mawili, na katikati yake kilikuwapo kisiwa cha Mwazi. Sisi sote asili yetu ni huko. Upande huu palikuwa msitu mtupu. Watu walivuka kuja kukata kuni, wakarudi kwao. Mwazi ndiko kulikokuwa na mpunga, migomba na makaburi ya wazee wetu. Bibi yangu alinisimulia kwamba udongo wa kule ulikuwa laini hata mtoto aliweza kuchimba shimo la mgomba kwa mikono yake. Kila aliposema hivyo aliviangalia viganja vyake.

Mwaka mmoja mvua za bara zilizidi, na mto ukaanza kukila kisiwa. Watu walilala na shamba, wakaamka nusu yake imekwenda. Mzee Jillo, aliyekuwa mkuu wa Mwazi, akawaambia wahamie ng'ambo mapema, mitumbwi ikiwa bado inaweza kuvuka. Wakafunga vyungu na kuku wao, wakavuka huku wakigeuka nyuma.

Aliyekataa ni mmoja tu, Habona. Alikuwa mjane, na mwanawe wa pekee, Maro, alikuwa amefariki kwa homa mwaka uliotangulia, akazikwa nyuma ya nyumba. Mdogo wake Habona, jina lake Hagodana, alimshika mkono akamvuta kuelekea mtumbwini.

"Dada, twende. Maji hayamsubiri mtu."

"Nenda wewe na wanao," Habona akamjibu. "Wangu hawezi kuvuka. Nitamwachaje peke yake maji yakipanda?"

Hagodana alikuwa na mtoto mgongoni, na mumewe, Komora, alikuwa akimwita kwa hofu, ameshikilia upondo wa kusukumia mtumbwi. Akauachia mkono wa dada yake, akashuka majini.

Tawi la upande huu halikuwa pana sana. Alfajiri, upepo ukiwa umetulia, sauti ilivuka. Basi kila alfajiri Hagodana alisimama ukingoni akaita, "Dada, umeamkaje?" Na kutoka ng'ambo Habona aliitika, "Nimeamka salama, mdogo wangu. Nyinyi je?" Kisha alitoa habari: maji yamefika mgombani, maji yamefika mlangoni. Komora alijaribu mara kadhaa kumfuata, lakini magogo yaliyochukuliwa na mafuriko yaliugonga mtumbwi wake na kumrudisha, na mara ya mwisho nusura azame.

Halafu ikaja asubuhi ya ukungu. Hagodana aliita kama kawaida. Habona akaitika kwa sauti iliyotulia kabisa: "Nimeamka. Na Maro naye hajambo."

Kesho yake hapakuwa na jibu. Hagodana aliita mpaka sauti ikamkauka. Ukungu ulipopanda, watu wote wakiwa wamesimama nyuma yake, waliona maji yakipita kutoka ukingo hadi ukingo. Matawi mawili yalikuwa yamekuwa mto mmoja.

Hagodana hakuacha kuita. Aliishi miaka mingi, akazeeka, akapata wajukuu, na kila alfajiri aliteremka, akauliza, "Dada, umeamkaje?" kisha akasikiliza. Wanawake waliofika kuteka maji hawakuweza kutumbukiza mitungi yao huku mwenzao anasubiri. Wakasimama naye. Aliposhusha pumzi na kusema, "Haya," ndipo nao walipoinama.

Siku moja Hagodana naye akafariki, akazikwa upande huu huu, mbali na makaburi ya wazee wake. Asubuhi iliyofuata wanawake waliteremka mtoni kama desturi. Wakajikuta wamesimama na mitungi mitupu, wakiangalia maji, hakuna aliyethubutu kuinama. Miongoni mwao alikuwamo Hadhula, bi harusi aliyeletwa kutoka vijiji vya juu, ambaye kisiwa hakukiona hata kwa mbali. Akawatazama wakubwa zake, akaona machozi yanawatoka. Akasogea mbele mpaka maji yakamfika kwenye vifundo vya miguu, akaita kwa woga wa mgeni:

"Dada, umeamkaje?"

Wote wakasikiliza pamoja. Kisha mmoja akasema, "Haya," wakateka.

Na tangu siku hiyo hakuna mtu wa kijiji hiki, mwanamke kwa mwanamume, anayeteka maji ya mto huu kabla ya kuusalimu na kusubiri kidogo. Wageni huuliza tunamsalimu nani. Zamani nilikuwa nikiwajibu, ni Habona. Sasa nimezeeka, na nikishaita hujikuta nawasikiliza wengi: bibi yangu, jogoo wa Mwazi, watu wanaotwanga mpunga katika nyua nisizowahi kuzikanyaga. Husubiri zaidi ya wenzangu. Binti zangu hunivumilia, mitungi mikononi, mpaka niseme wateke.